Kuchagua mtaa wa kulelea watoto: kodi ya nyumba ni mwanzo tu wa hesabu



Likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo majira ambayo familia nyingi huhama nyumba. Kodi imekwisha, mtoto anakaribia kuanza darasa la kwanza, au chumba kimoja hakitoshi tena. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu 5,383,728, na wengi wao ni wapangaji. Somo la toleo hili linamhusu mzazi mwenye kipato cha kawaida anayetafuta mtaa wa kulelea watoto, na aliyezoea kuuliza swali moja tu: kodi ni kiasi gani?

Swali hilo halitoshi. Tuchukue mfano wa familia ambayo baba na mama wote wana shughuli Kariakoo, siku 26 kwa mwezi. Wameonyeshwa nyumba mbili za chumba na sebule. Ya kwanza iko pembezoni kabisa mwa jiji na kodi yake ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Ya pili iko katika mtaa wa zamani ulio karibu na kazi, kwa shilingi 150,000. Dalali atasema ya kwanza ni nafuu. Sasa tuongeze nauli. Kutoka pembezoni kila mmoja hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tukikadiria shilingi 700 kwa kila gari, ni shilingi 2,800 kwa siku, yaani 72,800 kwa mwezi. Kwa watu wawili ni 145,600. Kutoka mtaa wa karibu kila mmoja hupanda gari moja kwenda na moja kurudi. Kwa nauli ya shilingi 600, wote wawili hutumia 62,400 kwa mwezi. Jumla ya kodi na nauli kwa nyumba ya kwanza ni shilingi 235,600, na kwa nyumba ya pili ni 212,400. Ile iliyoitwa nafuu imekuwa ghali kwa shilingi 23,200 kila mwezi, na bado hatujahesabu bodaboda ya usiku kutoka kituoni hadi nyumbani.

Weka katika hesabu hiyo kodi na nauli unazolipa wewe, kwani matokeo yaweza kugeuka iwapo kazi yako iko pembezoni. Ila usisahau gharama isiyoandikwa katika stakabadhi yoyote, nayo ni saa. Mzazi anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurejea saa tatu usiku huwaacha watoto wakiwa wamelala na huwakuta wamelala. Daftari la shule hukaguliwa Jumapili tu, ikiwa hata Jumapili yenyewe si siku ya kazi.

Baada ya nauli, uliza maji. Dalali husema "maji yapo", na maneno hayo hubeba maana nyingi: bomba la DAWASA ndani ya ua, kisima cha jirani, au kijana wa mkokoteni anayeuza kwa dumu. Mwombe mpangaji aliyepo akueleze hutumia madumu mangapi kwa siku na hununua kila dumu kwa bei gani. Uliza pia kama LUKU ni ya nyumba nzima au kila mpangaji ana yake, kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Kisha uliza shimo la choo hujaa baada ya muda gani, na kama gari la majitaka linaweza kulifikia.

Swali la choo linatupeleka kwenye mvua, jambo ambalo pengine ndilo zito kuliko yote. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Mto Msimbazi yaliua watu na kuharibu nyumba nyingi, na baadhi ya familia za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Hata sasa vyumba vya bondeni hupangishwa kwa bei ya chini, na bei hiyo ina sababu yake. Maji yanapopanda huchanganyika na ya vyooni, na mtoto anayechezea tope hilo ndiye anayeugua kuhara. Nenda kaitazame nyumba baada ya mvua. Tazama ukuta wa nje: mstari wa tope hubaki hata baada ya rangi mpya, na ikiwa chini pamepakwa rangi nzito ya kahawia hadi kiunoni, uliza kwa nini. Mwulize muuza genge wa jirani, ambaye hana cha kupata kwa wewe kupanga au kutopanga. Kwa anayefikiria kununua kiwanja, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari. Kiwanja cha namna hiyo hakina unafuu hata kikitolewa kwa nusu bei.

Lipo jambo jingine ambalo wazazi huligusa kwa kunong'ona, nalo ni aina ya watu wa mtaani. Jiji hili liligawanywa na wakoloni kwa rangi: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kuzitenga Uhindini na Kariakoo. Neno "Uswahilini" limebeba dharau ya enzi hizo hadi leo. Hata hivyo, ni katika mitaa hiyo hiyo ambapo Mzaramo, Mchaga, Mmakonde na Msukuma wamepanga vyumba vya ukumbi mmoja, wakachangia ua, na watoto wao wakakua na Kiswahili kimoja. Kwa familia isiyo na ndugu mjini, mchanganyiko huo ni huduma kamili. Mama wa chumba cha pili humpokea mtoto anayetoka shule. Msiba ukitokea, kamati huundwa bila kuuliza marehemu alisali wapi. Kikundi cha vikoba hukopesha ada ya dharura kwa dhamana ya kufahamiana tu. Kwa maoni ya mwandishi, mwenye nyumba anayeanza mazungumzo kwa kuuliza kabila au dini yako amekwisha kukueleza utakavyoishi kwake.

Mitaa ya hali mchanganyiko pia huinuka. Mradi wa viwanja na huduma ulioanza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulipima viwanja vipya Sinza na Kijitonyama kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na wakati huo huo ukaboresha Manzese wakazi wakiwamo. Leo kodi ya Sinza inamshinda mtu wa kipato kile kile kilichokusudiwa. Kwa hiyo mtaa wenye barabara iliyopimwa na mchanganyiko wa watu ukipatikana kwa bei unayoimudu, usiuachie kwa kuwa tu jina lake halina sifa mjini.

Kuhusu shule, elimu ya awali hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za serikali tangu mwaka 2016, na tangu 2022 imefika kidato cha sita. Ada ikiondoka, kinachobaki ni umbali. Tembea mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto, kutoka nyumba unayoitaka hadi shule ya msingi, na uhesabu barabara kubwa atakazovuka. Mtoto anayelazimika kupanda daladala atasukumwa mlangoni kila asubuhi, maana makondakta wengi humkwepa mlipa nauli ya mwanafunzi. Zahanati nayo iwe mahali unapoweza kufika kwa miguu usiku ukiwa na mtoto mwenye homa mgongoni.

Ukisharidhika, fika ofisi ya Serikali ya Mtaa kabla ya kulipa. Mwenyekiti na mtendaji wanaifahamu historia ya nyumba, migogoro ya umiliki wake na hali ya ulinzi shirikishi. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Omba miezi mitatu, kwani wapo wanaokubali, na wasiokubali hukuuliza tu jina la dalali wako. Mkataba uandikwe, utaje nani anatengeneza paa na nani analipa gari la majitaka, na kila malipo yawe na stakabadhi. Ukihamia, njoo na barua ya utambulisho kutoka mtaa unaotoka uandikishwe katika daftari la wakazi. Mtoto anayeendelea na masomo aombewe uhamisho kwa mwalimu mkuu wa shule anayoiacha. Anayeanza darasa la awali au la kwanza aandikishwe kuanzia Oktoba kwa masomo ya Januari, na mzazi aje na cheti chake cha kuzaliwa.