Jina la Ukoo: Namna ya Kulifuatilia Katika Sensa za Zamani



Mimi na dada yangu ni wa baba mmoja na mama mmoja. Lakini kwenye pasi yangu jina la mwisho ni la babu, na kwenye pasi yake ni la baba. Nyumbani hakuna aliyewahi kuuliza. Tulipofika Uingereza tukaulizwa kwenye dirisha la ofisi kama kweli sisi ni ndugu. Mwaka juzi dada alijifungua, na mjadala ukaanza upya: huyu mtoto aandikwe ukoo gani? Katika kutafuta jibu nikajikuta nasoma sensa za zamani za Waingereza, ili nione jina la ukoo linavyotembea toka kizazi hadi kizazi. Niliyojifunza nayaleta kwenu kama somo. Litamfaa anayesoma historia au sosholojia, na pia yeyote aliyezaliwa huku mwenye babu baharia au bibi Mwingereza.

SENSA ZIPI ZINASOMEKA?

Uingereza imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1801. Sensa nne za mwanzo zilitaka idadi tu, kwa hiyo majina hayapo isipokuwa pale makarani wachache walipoyaandika kwa hiari yao. Sensa ya kwanza yenye majina ya watu wote ni ya 1841. Fomu hufungwa kwa miaka 100 ili kulinda siri za watu. Ndiyo maana ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na hiyo ndiyo ya mwisho tunayoweza kusoma kwa England na Wales.

Baada ya hapo kuna pengo kubwa. Fomu za 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto Desemba 1942. Mwaka 1941 hakukuwa na sensa kwa sababu ya vita. Kwa hiyo itakayofuata ni ya 1951, na itabidi tuisubiri hadi 2052! Kinachoziba pengo ni daftari la tarehe 29 Septemba 1939, lililoandikwa ili watu wapewe vitambulisho vya wakati wa vita. Humo kuna tarehe kamili ya kuzaliwa na kazi ya mtu. Tena mwanamke aliyeolewa baadaye mara nyingi jina lake la zamani limekatwa na jipya likaandikwa juu yake. Kwa mfuatiliaji wa ukoo hiyo ni dhahabu.

Wenzetu wa Marekani, kwenu kusubiri ni miaka 72. Sensa ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ila mkumbuke kwamba karibu fomu zote za 1890 ziliharibika kutokana na moto wa 1921. Na kabla ya 1870, Waafrika waliokuwa utumwani hawakuandikwa majina. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina mambo kama umri, jinsia na jina la mmiliki.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, anza na wewe mwenyewe, kisha rudi nyuma. Usianze na mtu maarufu wa mwaka 1850 ukajilazimisha kumfikia. Andika unachokijua kwa hakika: wazazi, babu, bibi, mahali walipozaliwa. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama kabla ya kuolewa, na cheti cha ndoa kinakupa baba za pande zote mbili. Ukimpata mtu katika 1921, mtafute 1911 akiwa mdogo kwa miaka 10, halafu 1901, na kuendelea.

Pili, jua kila sensa iliuliza nini. Ile ya 1841 ni chachu kidogo. Makarani waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano ya chini, kwa hiyo mtu wa miaka 29 aliandikwa 25. Tena haisemi nani ni mke wala nani ni mtoto. Kuanzia 1851 utaona uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, pamoja na mahali alipozaliwa. Sensa ya 1911 ina ladha yake: fomu zilizohifadhiwa ni zile zile zilizojazwa na wenye nyumba, kwa hiyo unauona mwandiko wa babu wa mtu. Tena wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai na wangapi wamefariki. Hapo utakutana na mtoto ambaye hakuna sensa nyingine iliyowahi kumtaja.

Tatu, usiiamini tahajia. Karani alikwenda mlango kwa mlango, na wengi hawakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo aliandika alichosikia. Halafu anayenakili leo kwenye kompyuta naye husoma mwandiko vibaya. Majina ya kwetu ndiyo yaliyoumia zaidi. Mabruki anaweza kuwa Mabrook au Mabrouk, Juma akawa Jooma, Othman akawa Osman. Tafuta kwa herufi chache za mwanzo na alama ya nyota, au acha kabisa jina la ukoo utafute kwa jina la kwanza, umri na mahali pa kuzaliwa.

Nne, soma picha ya fomu yenyewe, usiishie kwenye nakala iliyopigwa chapa. Tazama majirani. Mara nyingi shemeji yuko nyumba ya pili, na mama mkwe anaishi humo humo na jina lake la ukoo linakufungulia upande wa pili kabisa.

Tano, hakiki. Majina kama Smith na Jones yamejaa kila mtaa, na anayefanana jina na umri si lazima awe wako. Ukubali kwamba ni yeye pale tu mambo matatu au manne yanapokutana: umri, mahali alipozaliwa, kazi, na watu wa nyumbani kwake.

Kuhusu gharama msiogope. Sensa ya 1881 inasomeka bure kwa kujiandikisha kwenye FamilySearch, na maktaba nyingi za umma zina usajili wa kulipia ambao msomaji anautumia bila malipo. Ile ya 1921 unaisoma bure ukienda mwenyewe Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew.

SASA TUJE KWETU

Hapa pana mtego ambao vitabu vya Waingereza havikwambii. Mbinu yote hii inategemea jina linalobaki lile lile kwa miaka mia. Kwetu wengi jina la mwisho ni la baba au babu, na linabadilika kila kizazi. Ukilifuata kama Waingereza wanavyofuata lao, utafika mahali mmoja tu na kukwama.

Mfano mzuri ni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa na wamisionari huko Nasik, India. Ni mmoja wa waliobeba maiti ya David Livingstone hadi pwani, na Aprili 1874 alikuwepo kwenye mazishi Westminster Abbey, London. Wainwright ni jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa magari ya kukokotwa. Ukiingiza jina hilo katika sensa utapata koo nyingi za Waingereza, na hakuna hata moja iliyo ya kwake. Jina alipewa, hakurithi. Zaidi ya hayo, ziara ile ilikuwa 1874, katikati ya sensa ya 1871 na ya 1881. Sensa ni picha ya usiku mmoja tu. Aliyepita katikati haonekani, na kutoonekana si ushahidi kwamba hakuwepo.

Msikate tamaa lakini. Tangu 1861 sensa ilihesabu pia watu waliokuwa ndani ya meli za kivita za Uingereza, hata zilizokuwa bandari za mbali. Usiku wa sensa ya 1881, HMS London ilikuwa inakaa Unguja kwa kazi ya kuzuia biashara ya watumwa, na jeshi hilo la majini liliajiri mabaharia wa pwani yetu. Kwa mabaharia wa meli za biashara kuna kadi za 1918 hadi 1921, nyingi zikiwa na picha ya mwenyewe.

Na sensa za nyumbani? Kenya na Tanganyika zilifanya hesabu ya jumla ya Waafrika mwaka 1948, lakini wasomaji tunapata majedwali ya idadi, si majina. Kwa hiyo sensa yetu ni wazee. Ukienda likizo chukua daftari, kaa na bibi, andika majina saba kwenda nyuma kama anayajua, pamoja na kijiji, ukoo wa mama, na mwaka wa njaa au wa vita anaoukumbuka. Uliza pia nani aliitwa jina la nani. Ukichelewa, hakuna moto wa 1942 wa kulaumu.

Mtoto wa dada sasa ana jina. Tumempa lile la babu mzaa baba, na tumekubaliana watoto wote wa familia watakaozaliwa huku watalichukua hilo hilo. Katika sensa ya Machi 2021 mimi na dada tulijaza fomu moja tukiwa na majina mawili tofauti. Mwaka 2122 ikifunguliwa, kijukuu fulani atakuna kichwa. Ndiyo maana nimemwandikia maelezo kwenye daftari, majina yote saba. Nanyi andikeni ya kwenu.

Kila la kheri katika mitihani.