Kuchunguza Alama za Reli za Zamani: Funzo Kutoka Mioto ya Australia

Alama ya reli (#) hukusanya mahali pamoja maandishi ya watu wengi kuhusu jambo moja katika mitandao ya kijamii. Jambo hilo likishapita, alama hubaki kama kumbukumbu, na mtafiti wa taarifa potofu kuhusu tabianchi huweza kuirejea kama daktari anavyorejea jalada la mgonjwa.

Mfano ulio wazi ni #ArsonEmergency, yaani dharura ya uchomaji moto wa makusudi, iliyoenea katika mtandao wa Twitter mwezi Januari 2020, wakati misitu ya Australia ikiteketea. Ilidaiwa kwamba wachomaji 183 walikuwa wamekamatwa, na kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi hayahusiki. Idadi hiyo hiyo imo katika taarifa ya kweli ya polisi wa New South Wales. Hata hivyo, watu hao 183 walichukuliwa hatua kwa makosa ya moto ya kila aina, yakiwemo kutupa ovyo sigara na kukiuka marufuku ya kuwasha moto. Walioshtakiwa kwa kuwasha moto kwa makusudi walikuwa 24. Isitoshe, anayewasha moto si sababu ya moto kuenea: mwaka 2019 ulivunja rekodi za joto na ukame nchini humo.

Uchunguzi wa alama kama hii una hatua tatu. Kwanza, mtafiti hulifuata dai hadi kwenye chanzo chake na kulinganisha maneno. Pili, huwatenganisha wanaounga mkono na wanaopinga, kwa kuwa wote hutumia alama ile ile. Wingi wa maandishi haulingani na wingi wa walioamini. Tatu, huzingatia yaliyopotea. Akaunti zilizofungwa na maandishi yaliyofutwa hayapatikani tena, hivyo kinachobaki ni sampuli yenye upendeleo.

Suala hili linaigusa tiba moja kwa moja. Watafiti walikadiria kwamba moshi wa msimu ule ulisababisha vifo 417 mashariki mwa Australia, mbali na maelfu ya waliolazwa kwa maradhi ya moyo na mapafu. Jamii inayoaminishwa kwamba tatizo ni wahalifu tu hudai polisi zaidi, na huchelewa kuwaandaa wagonjwa wa pumu, wazee na wajawazito kwa msimu wa moshi unaofuata.