Somo la Saba: Kutu Katika Gari la Zamani – Lipi Ulitengeneze Nyumbani, Lipi Umwachie Fundi

Mlaji anayeishi Tanga, Dar es Salaam, Mtwara au Unguja anaifahamu kutu bila kufundishwa. Huiona kwenye mabati ya paa, kwenye komeo la geti na, mapema kuliko alivyotarajia, kwenye gari lake. Magari mengi tuliyo nayo yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika miaka kadhaa ughaibuni, hususan Japani, na baadhi yake yalitembea katika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gari la namna hiyo huletwa mwambao likiwa tayari na ugonjwa wake, kisha likakutana na hewa ya bahari.

Si kila mwenye gari la zamani ana uwezo wa kununua jingine, wala hakuna sababu ya kulitupa gari ambalo injini yake bado ni nzima. Kazi nyingi za kutu zinaweza kufanywa nyumbani kwa zana za kawaida. Zipo hata hivyo kazi ambazo kuzifanya nyumbani, au kuzifanya nusunusu, ni kuhatarisha maisha ya abiria. Lengo la somo hili ni kumsaidia mlaji kuzitofautisha.

Baada ya kulisoma, mlaji ataweza:
(a) kueleza chanzo cha kutu na mahali inapojificha;
(b) kulikagua gari lake, au gari analotaka kulinunua;
(c) kurekebisha kutu ndogo kwa hatua zinazofaa;
(d) kujua lini amtafute fundi na amdai nini.

1. Kutu ni nini?

Kutu hutokea pale chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Chumvi haiumbi kutu peke yake, bali huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na hivyo huharakisha uharibifu. Ndiyo maana gari lililoegeshwa karibu na ufuko huharibika haraka kuliko lililo Dodoma.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota chini ya rangi huiinua, na rangi ikaonekana kama lengelenge. Kwa hiyo lengelenge dogo juu ya rangi ni dalili kwamba chini yake uharibifu ni mpana zaidi ya unavyoonekana.

Kutu hupenda mahali ambapo maji hutuama na hewa haipiti: ndani ya ukingo wa madigadi, sehemu ya chini ya milango, boriti iliyo chini ya milango, chini ya zulia, kwenye shimo la tairi la akiba na pembezoni mwa kioo cha mbele. Milango na boriti hizo zina vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na udongo, maji hukaa ndani na chuma huliwa kuanzia upande ambao macho hayafiki.

Wenye Land Rover za zamani huamini kwamba gari lao halishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni ya alumini. Ni kweli kuwa alumini haitoi kutu nyekundu, lakini chasisi yake ni ya chuma. Zaidi ya hayo, pale alumini inapogusana na chuma katika unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe.

2. Namna ya kulikagua gari

Likague gari mchana, likiwa limeoshwa na kukauka. Inua mazulia na uguse sakafu kwa mkono. Unyevu chini ya zulia ni onyo. Gonga boriti za chini kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima hutoa mlio mkali, kilicholiwa hutoa mlio uliofifia. Kwa idhini ya mwenye gari, bonyeza kwa ncha ya bisibisi mahali palipovimba. Chuma kikibonyea au kumeguka, kimekwisha.

Chukua pia sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini, kisha uipitishe taratibu juu ya bodi. Pale inapokataa kushika, huenda kuna puti nene mahali pa chuma, au sehemu hiyo ni ya alumini au plastiki. Uliza ni ipi kati ya hizo.

Baada ya ukaguzi, iweke kutu uliyoiona katika daraja mojawapo kati ya haya matatu.

Daraja la kwanza ni kutu ya juu: rangi imebadilika, chuma bado ni kigumu. Hii hutengenezwa nyumbani.

Daraja la pili ni kutu iliyotoboa bati la nje, kama vile ukingo wa madigadi au sehemu ya chini ya mlango. Mlaji mwenye subira anaweza kuisafisha na kuizuia isienee, lakini tundu lenyewe linahitaji bati jipya. Puti pekee hudumu kwa muda mfupi tu.

Daraja la tatu ni kutu ya mifupa ya gari: chasisi, boriti za chini ya milango, sakafu, na mahali panapofungwa mikanda ya usalama, shokapu, usukani na breki. Hii si kazi ya nyumbani. Magari mengi madogo hayana chasisi iliyojitenga. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito na kumkinga abiria wakati wa ajali. Nchini Uingereza, mkaguzi wa gari huangalia kwa makini kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panapofungwa mkanda wa usalama au sehemu nyingine muhimu, na bati lililobandikwa hapo hutakiwa kuchomelewa mfululizo kuzunguka ukingo wake wote. Mlaji anaweza kukitumia kipimo hicho kama mwongozo hata mahali ambapo hakuna anayemlazimisha.

3. Mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa mama mmoja mfanyabiashara aliyenunua gari dogo la mwaka 1998. Lilikuwa linang'aa, na chini yake limepakwa lami nyeusi iliyokolea. Muuzaji alimwambia, "Mama, hili limewekewa kinga ya kutu, hutasumbuka." Mama akalipa bila kuomba lipandishwe juu. Miezi minane baadaye, fundi aliyekuwa akibadilisha shokapu aliweka jeki chini ya boriti, na jeki ikazama ndani kama kidole katika papai bivu. Chini ya lami palikuwa na puti, magazeti yaliyokunjwa na kutu. Mkanda wa kiti cha nyuma, ambacho watoto wake walikalia kila asubuhi wakienda shule, ulikuwa umeshikiliwa na bati lisilozidi unene wa kopo la maziwa.

Mfano huu una mafunzo mawili. Kwanza, lami mpya chini ya gari la zamani haipaswi kumtuliza mnunuzi. Inapaswa kumfanya achunguze zaidi. Pili, puti ni ya kulainisha sura ya bati, haina nguvu ya kubeba uzito. Anayejaza puti kwenye mifupa ya gari hajalitengeneza. Ameficha hatari na kumkabidhi mtu mwingine.

4. Usalama kabla ya kazi

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tumia stendi za chuma kwenye ardhi ngumu na tambarare, na uzuie magurudumu yaliyobaki chini. Matofali ya saruji hupasuka ghafla, usiyatumie.

Vaa miwani ya kinga, glavu na barakoa ya vumbi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru zaidi ubongo wa watoto. Fanya kazi mbali na watoto na vyombo vya chakula, lowesha rangi unapoikwangua ili vumbi lisipeperuke, na ufue nguo za kazi peke yake.

Usisafishe bati kwa petroli, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche moja. Usipulizie nyumbani rangi za kuchanganya zenye kigumisho cha aina ya isosayaneti. Mvuke wake unaweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya vumbi haiuzuii.

5. Hatua za kurekebisha kutu ya daraja la kwanza

Hatua ya 1: Osha kwa maji baridi na sabuni, kisha acha pakauke kabisa. Funika pembeni kwa karatasi na utepe wa karatasi.

Hatua ya 2: Kwangua kwa brashi ya waya, halafu kwa msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Endelea sentimita 2 au 3 kupita mwisho wa kutu unayoiona. Kazi nyingi huharibika katika hatua hii, kwa sababu kutu iliyoachwa chini ya rangi huendelea kula.

Hatua ya 3: Vijishimo ambavyo msasa haufiki vipake dawa ya kugeuza kutu. Nyingi zina asidi ya fosforiki au taniki, ambazo huigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka lisiloendelea kula chuma. Fuata muda na namna ya kusafisha iliyoandikwa kwenye chombo. Dawa hii haitibu kutu inayobanduka kwa magamba. Magamba lazima yatolewe kwanza.

Hatua ya 4: Futa kwa kitambaa safi chenye dawa ya kuondolea mafuta. Kuanzia hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu, kwa kuwa jasho lina chumvi.

Hatua ya 5: Paka praima siku hiyohiyo. Katika hewa ya mwambao, chuma kilichoachwa wazi usiku mmoja huweza kuanza kutu upya. Praima ya epoksi ni bora, kwa kuwa huzuia maji kuliko praima za kawaida.

Hatua ya 6: Kama bati lina bonde dogo, weka puti tabaka jembamba jembamba, jumla isizidi milimita 5. Pima kigumisho kama maelezo yanavyosema. Sugua kwa msasa namba 180, kisha 320, ukiwa mkavu, kwa kuwa puti hunyonya maji. Paka praima tena.

Hatua ya 7: Praima ikikauka, ilainishe kwa msasa wa maji namba 600. Ikaushe, kisha paka rangi kwa matabaka membamba kadhaa badala ya tabaka moja nene. Namba ya rangi ya gari hupatikana kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Iandike kabla ya kwenda dukani.

Tahadhari mbili za kisheria. Usisugue wala kufunika namba ya chasisi. Na kwa kuwa rangi ni mojawapo ya taarifa zilizomo katika kadi ya gari, ukikusudia kubadili rangi yote, shughulikia mabadiliko hayo kwa mamlaka ya usajili.

6. Kuizuia isirudi

Zibua vitundu vya kutolea maji kabla ya msimu wa mvua. Osha uvungu wa gari kwa maji baridi kila unapotoka ufukoni, na usioshe gari kwa maji ya kisima yenye chumvi. Turubai la plastiki lisilopitisha hewa hufungia unyevu. Kivuli cha banda kinafaa zaidi.

Tunawashauri walaji waachane na desturi ya kupulizia oili chafu chini ya gari. Oili hiyo huharibu mipira, huweza kufika kwenye breki, hudondoka ardhini na ina kemikali zinazodhuru ngozi. Nta maalumu ya kupuliza ndani ya boriti na milango hufanya kazi hiyo bila madhara hayo. Lami nayo ipakwe juu ya chuma kilichosafishwa na kupakwa praima pekee. Juu ya kutu, hufungia maji.

7. Unapompa fundi kazi

Kwa daraja la tatu, tafuta fundi wa kuchomelea mwenye uzoefu wa bodi. Kubalianeni kwa maandishi: sehemu zitakazokatwa, unene wa bati jipya, bei, muda na dhamana. Hakikisha betri inafunguliwa na zulia linaondolewa kabla ya kuchomelea, na kwamba kazi haifanyiki karibu na tangi au mabomba ya mafuta kabla hayajaondolewa.

Omba lililo muhimu kuliko yote: kuiona kazi kabla haijafunikwa kwa rangi au lami. Piga picha bati likiwa wazi na uhifadhi mabaki yaliyokatwa. Fundi mwaminifu hatakasirika. Dai risiti ya EFD. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha au kumhadaa mlaji katika biashara, lakini malalamiko yasiyo na risiti, mkataba wala picha ni magumu kuyathibitisha.

Na siku utakapoliuza gari lako, mweleze mnunuzi palipotengenezwa na umwonyeshe picha zako. Haki unayoidai kwa muuzaji, yeye naye anaidai kwako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini lengelenge dogo juu ya rangi halipaswi kupuuzwa?
2. Taja sehemu tatu za gari ambazo puti haipaswi kutumika kuziba kutu, na ueleze sababu.
3. Sumaku imekataa kushika kwenye boriti ya chini ya mlango wa gari unalotaka kulinunua. Utafanya nini kabla ya kulipa?
4. Likague gari lako mwisho wa juma hili kwa kufuata sehemu ya pili ya somo. Andika kila kutu uliyoiona na daraja lake.