SOMO: SKIZOFRENIA HAIANZI SIKU ILE TUNAYOIONA

Kijana anapoanza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ndugu huuliza: nani kamroga? Utafiti unatufundisha kwamba skizofrenia, ugonjwa wa ubongo, mara nyingi huwa na mizizi ya miaka mingi nyuma.

Nchini Uholanzi, watoto waliotungwa mimba wakati wa kilele cha njaa ya 1944–1945 walikuwa na uwezekano wa kuugua karibu mara mbili ya wengine. Nchini Uingereza, watoto waliozaliwa mwaka 1946 walifuatiliwa hadi utu uzima. Wale waliougua walikuwa, kwa wastani, wamechelewa kidogo kutembea. Urithi nao huchangia.

Hata hivyo, hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa huu, na watoto wengi wanaochelewa kutembea hawaugui kamwe. Basi tusimbandike mtoto jina.

Kamati za sharika zifanye nini?
1. Zihimize kliniki na lishe bora kwa wajawazito.
2. Kijana anayebadilika apelekwe hospitali mapema, huku tukimwombea.
3. Familia isilaumiwe, itembelewe.

Wahisani wapendwa, chakula cha mama mjamzito ni sehemu ya huduma hii.