CHUMVI YA UVINZA NA LISHE YA MIMEA, WANYAMA NA BINADAMU

Mmea hujitengenezea chakula chake wenyewe. Majani huchukua hewa ya ukaa, mizizi huleta maji, na mwanga wa jua huwezesha viwili hivyo kuwa sukari na wanga. Pamoja na maji, mizizi hufyonza madini ya udongo, hasa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Lakini sodiamu, iliyomo katika chumvi ya kawaida, mimea mingi ya bara haiihitaji, nayo huichukua kwa kiasi kidogo mno.

Mnyama hawezi kuishi bila sodiamu, kwani misuli na mishipa yake ya fahamu huitegemea. Simba huipata katika damu na nyama ya windo lake. Tembo, nyati na ng'ombe, walao majani, hulazimika kuitafuta, ndiyo maana huramba udongo wenye chumvi. Binadamu alaye ugali wa mtama yumo katika hali hiyo hiyo ya ng'ombe, ingawa hapendi kufananishwa naye.

Wakaazi wa visiwani, waliozungukwa na bahari, si rahisi kuiona shida hiyo. Unyamwezini hali ni nyengine. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji kwa kupitia Uvinza, karibu na mto Malagarasi, penye chemchemi za maji ya chumvi. Wakati wa kiangazi watu wa nchi mbalimbali walikusanyika hapo, wakayachemsha maji hayo katika vyungu hadi ikabaki chumvi, na watawala wa Uvinza wakatoza ushuru. Kazi hiyo haikuletwa na watu wa pwani. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa ilianza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Hata hivyo, chumvi peke yake haiondoi kila upungufu. Madini joto, yahitajiwayo na tezi ya shingo, mmea huyapata kwa kadiri yalivyomo udongoni. Yakikosekana, mlaji hupata rovu, na mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Ilidhaniwa kwamba Unguja na Pemba zimesalimika kwa sababu ya samaki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kinyume chake: rovu lilikutwa kwa watoto wa skuli, na Pemba hali ilikuwa mbaya zaidi kuliko Unguja. Chumvi ya bahari iliyokaushwa kwa jua hubakiwa na madini joto kidogo sana.

Inapasa basi wananchi wanunue chumvi iliyotiwa madini joto, waiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, na waitie katika mchuzi unapokaribia kuiva, kwani madini hayo hupotea kwa moto mwingi.