Neno katika Kinywa cha Mwingine: Tunachojifunza kwa Watunzi wa Tamthiliya



Katika likizo ya mwaka jana vijana wa VIWAWA wa kigango chetu, huku juu kwenye uwanda wa Ufipa, waliniomba niwaandikie igizo la sikukuu ya somo wa kigango. Frateri akiwa likizo watu huamini kwamba anaweza kila kitu, nami sikukataa. Mahindi yalikuwa yamevunwa, watu wana nafasi, na baridi ya Julai inawafanya wapende kukaa pamoja. Niliandika kwa siku mbili tu. Nilitaka kuonya juu ya ushirikina, maana hata jina la mji wetu wa Sumbawanga wengi hulieleza kuwa ni "tupa uchawi". Basi nikaweka mganga tapeli, kijana mvivu anayewasingizia wengine kwa kushindwa kwake, na bibi kizee mwenye mkongojo na macho mekundu, ili watu wacheke.

Walicheka kweli. Kijana aliyeigiza kama bibi alitembea kwa mwendo ambao kila mtu kigangoni aliutambua. Mimi sikumwelekeza atembee vile. Jumapili iliyofuata, mama mmoja mjane, mzee wa jumuiya yetu, hakuonekana kanisani. Nilipokwenda kumsalimu alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniuliza: "Frateri, mjukuu wangu, yale maneno uliyaandika wewe?" Nikamjibu kwamba maneno ni yangu, ila mwendo si wangu. Akasema: "Watoto wakipita hapa sasa wananiita kwa jina la yule wa mchezo."

Niliomba radhi palepale, lakini nilijua kwamba jambo lile si dogo. Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo yametokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Nilikusudia kupiga vita ushirikina, na igizo langu likaupa ushirikina sura ya mtu wa jirani.

Nilirudi seminarini na swali moja: je, mtunzi anawajibika kwa neno lake mpaka wapi, ikiwa neno hilo litasemwa na mwingine? Katika somo hili nitapitia kwa kifupi mafundisho ya wanafalsafa wawili, kisha maisha ya watunzi watatu wa tamthiliya.

1. Wanafalsafa wawili na jukwaa

Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, aliwaogopa watunzi. Aliona kwamba uigaji unaingia moyoni kabla akili haijaupima, na kwamba mtu anayeiga jambo mara nyingi huishia kulizoea. Mwanafunzi wake Aristotle, katika kitabu cha Ushairi, aliitetea sanaa hiyo: kuiga ni tabia ya binadamu tangu utotoni, nasi hujifunza kwa kuiga.

Lakini Aristotle aliweka pia mpaka ambao mimi niliuruka. Anaeleza kwamba kinachochekesha ni kasoro au ubaya usioleta maumivu wala maangamizi. Kwa kipimo hicho, mganga tapeli anayejikwaa kwenye tunguri zake anachekesha. Bibi anayeweza kuchomewa nyumba kwa sababu ya macho yake hachekeshi.

Tamthiliya ina jambo la pekee. Riwaya husomwa na mtu mmoja akiwa kimya, tena anaweza kurudia ukurasa. Tamthiliya huhitaji mwili wa mtu mwingine: sauti yake, mikono yake, mwendo wake. Mtunzi huandika nusu, na nusu nyingine huongezwa na waigizaji pamoja na watazamaji.

2. Ebrahim Hussein: neno linalomzidi aliyelisema

Ebrahim Hussein alizaliwa Lindi mwaka 1943. Alisomea sanaa za maonyesho Dar es Salaam, na mwaka 1969, akiwa bado kijana wa umri karibu na wangu, tamthiliya yake ya Kinjeketile ilichapishwa. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari wameisoma. Inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Vita hivyo havikufika kwetu Ufipa, lakini swali lake linatufikia.

Katika tamthiliya hiyo, Kinjeketile anawapa watu maji na ujumbe wa umoja. Makabila yaliyokuwa yakigombana yanaungana. Kisha anaona jambo la kutisha: watu wameuchukua ujumbe na kwenda nao mbali kuliko alivyotaka. Yeye anasema wasubiri na kujiandaa, wao wanataka kupigana, kwa kuwa wameshaamini kwamba risasi haitawadhuru. Mwishoni, akiwa mfungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kwamba kauli yake haitaishia gerezani, itawafikia hata watakaozaliwa baadaye.

Hussein mwenyewe alikuwa mwangalifu. Katika utangulizi wa kitabu anatofautisha Kinjeketile wa historia na Kinjeketile wa jukwaani, ili msomaji asichanganye mtu halisi na mhusika. Mimi sikuwa na uangalifu huo.

Baada ya Kinjeketile aliandika Mashetani (1971), akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akaendelea kuandika, ikiwemo Arusi (1980) na Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Katika miaka ya 1980 aliacha kazi ya chuo, akaishi kimya, mbali na sifa. Tuzo ya ushairi inayotolewa kwa jina lake inatukumbusha kwamba ukimya wa mtunzi haukuyanyamazisha maneno yake.

3. Penina Muhando: kuwasikiliza wenye jambo

Penina Muhando, anayejulikana pia kama Profesa Penina Mlama, alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro. Aliamua kuandika tamthiliya zake kwa Kiswahili ili ziwafikie Watanzania wa kawaida. Ametuachia Hatia (1972), Heshima Yangu (1974), Pambo (1975), Nguzo Mama (1982) na Lina Ubani (1984), miongoni mwa nyingine. Katika Nguzo Mama wanawake wa kijiji kimoja wanahangaika kuisimamisha nguzo, kila mmoja akivutwa na matatizo ya nyumbani kwake. Ukitaka kuielewa, kaa na akina mama wa WAWATA wanapopanga michango ya harusi au msiba.

Kuandika tu hakukumtosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu walikwenda Malya, mkoani Mwanza, kufanya kile kinachoitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakufika na tamthiliya iliyokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao matatizo ya pale, likiwemo suala la wasichana kupata mimba, kisha wanakijiji wenyewe wakaunda maonyesho kwa ngoma na michezo wanayoijua. Baada ya onyesho watu walijadiliana. Baadaye, mwaka 1996, kazi ya namna hiyo ilizaa mpango wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema shida zao kupitia sanaa.

Jambo linalofanana lilitokea Kenya. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa tamthiliya ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikikuyu pamoja na wakulima na wafanyakazi, ambao walirekebisha maneno pale yasipofanana na usemi wao. Serikali ilizuia maonyesho, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu mwisho wa mwaka huo hadi Desemba 1978, bila kufikishwa mahakamani. Neno likisemwa kwa kinywa cha wenye jambo lina nguvu, ndiyo maana wenye madaraka huliogopa.

4. Karol Wojtyła: neno katika chumba kilichofungwa

Wengi wetu tunamjua Mtakatifu Yohane Paulo II kama Papa aliyeitembelea Tanzania Septemba 1990. Wachache wanajua kwamba alikuwa mwigizaji na mtunzi wa tamthiliya.

Alizaliwa Wadowice, Poland, mwaka 1920, na mwaka 1938 akaanza kusoma lugha na fasihi ya Kipolandi katika chuo kikuu cha Kraków. Mwaka uliofuata Wajerumani waliivamia nchi yake. Chuo kikafungwa, naye akafanya kazi katika machimbo ya mawe na baadaye kiwandani. Mwaka 1941 yeye na wenzake, wakiongozwa na Mieczysław Kotlarczyk, walianza kuigiza kwa siri katika nyumba za watu. Hawakuwa na mapambo wala mavazi ya maana. Walikuwa na maneno na watazamaji wachache, na wangekamatwa wangeadhibiwa vikali. Mwaka 1942 alijiunga na seminari ya siri, na tarehe 1 Novemba 1946 akapewa daraja ya upadre.

Hakuacha kuandika. Tamthiliya yake ya Ndugu wa Mungu Wetu inamhusu Adam Chmielowski, mchoraji aliyeacha sanaa ili awahudumie maskini wa Kraków, akajulikana kama Ndugu Albert. Padre Wojtyła alipoandika juu ya mchoraji huyo alikuwa akiandika pia juu ya swali lake mwenyewe: je, kipaji kinaachwa au kinatolewa? Mwaka 1960 alichapisha Duka la Sonara, tamthiliya juu ya ndoa, kwa jina la bandia la Andrzej Jawień. Mtu mzima aliyekuwa askofu msaidizi hakutaka watu wasome cheo chake badala ya maneno. Na mwaka 1989, akiwa Papa, alimtangaza Ndugu Albert kuwa mtakatifu.

Kwa sisi tunaojiandaa kuhubiri, maisha haya yana fundisho la wazi. Yule aliyejifunza kupima kila neno mbele ya watu wachache waliohatarisha maisha yao kumsikiliza, baadaye alizungumza na umati viwanjani bila kuacha kulipima.

5. Kurudi kigangoni

Watunzi hawa watatu hawafanani kwa dini wala kwa njia ya maisha. Hussein alitambua kwamba neno likishatoka halirudi, kwa hiyo linahitaji kutazamwa kabla. Muhando alitambua kwamba mwenye jambo anapaswa kusikilizwa kabla ya kuigizwa. Wojtyła alitambua kwamba neno linabebwa na mtu mzima, kwa maisha yake yote. Jibu la swali langu nimelipata hapo. Sina mamlaka juu ya kila mwendo wa mwigizaji, lakini ninawajibika kwa mlango ninaoufungua. Nilipoandika "bibi kizee mwenye macho mekundu" nilikuwa nimeshaufungua.

Likizo ya mwaka huu, kwa ruhusa ya Baba Paroko, tulianza upya. Kwanza nilikaa na akina mama na wazee wa jumuiya, nikasikiliza jinsi tuhuma zinavyoanza: ng'ombe amekufa, mtoto ameugua, mtu ana wivu wa shamba. Niliandika niliyoyasikia bila kutumia tukio la mtu yeyote aliye hai kijijini. Mganga akabaki wa kuchekwa. Bibi wa mchezo akapewa maneno yake mwenyewe, naye aliigizwa na mama mtu mzima. Baada ya onyesho tulikaa na kuzungumza hadi jua likazama.

Bibi yetu hakuja kutazama. Alituma ujumbe kwamba anapukuchua mahindi, nami nilielewa. Siku ya kuondoka nilipita kumuaga. Akanifungia maharage ya njiani, akaniambia: "Ukiandika tena, Frateri, uje unisomee kwanza."

Nimeahidi kufanya hivyo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika maigizo na mahubiri yetu, ni watu gani huchekwa mara kwa mara? Je, wao wenyewe wangesema nini?
2. Nani katika kigango chetu ametengwa kwa sababu ya neno lililosemwa kwa mzaha?
3. Kabla ya Njia ya Msalaba ya kuigiza au igizo la Noeli, tunaweza kumsomea nani kwanza?