Utulivu wa Helikopta ya Redio Yenye Mapanga Mengi: Somo la Ufundi na la Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna helikopta ndogo inayoongozwa kwa redio inavyodumishwa katika utulivu hewani pale ambapo rafadha yake ina mapanga matatu, manne au matano badala ya mawili. Yanachunguza sababu za kuongeza mapanga, utendakazi wa kichwa cha rafadha, kazi ya kihisi cha elektroniki, matayarisho ya ardhini na mbinu za urushaji. Sambamba na hayo, makala yanapendekeza istilahi chache na kuonyesha kwamba katika ufundi huu neno lenye maana mbili laweza kuvunja chombo au kumjeruhi mtu.

1.0 Utangulizi

Swali la iwapo Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na teknolojia limejadiliwa kwa kina katika makongamano yetu. Aghalabu mjadala huo huishia kwenye orodha za istilahi. Orodha ni nzuri, lakini hairushi chombo. Kipimo cha haki ni kumchukua mtu asiyeijua kazi fulani, kumweleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha kuona kama ataweza kuifanya bila kuumia. Helikopta ya redio inafaa kwa kipimo hicho kwa sababu kila neno linalotumiwa linaelekeza kwenye kifaa au mwendo fulani, na kosa la maelezo hudhihirika mara moja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane kuhusu maneno mawili. Rafadha ni neno la kamusi lililozoeleka kwa kifaa kinachozunguka na kusukuma meli au ndege. Hapa litasimamia mkusanyiko mzima unaozunguka juu ya helikopta. Panga litasimamia kila kipande kirefu na chembamba cha rafadha. Baadhi ya watu wangependelea bawa, kwa kuwa umbo la kipande hicho hukata hewa kama bawa la ndege. Hata hivyo, msikilizaji anayesikia “bawa” hufikiria kitu kilichotulia ubavuni mwa chombo, ilhali panga humkumbusha kwamba kitu hiki kinakata. Ukumbusho huo una faida.

2.0 Kwa nini mapanga mengi?

Helikopta nyingi za redio huwa na mapanga mawili. Muundo huo ni mwepesi, rahisi kutengeneza na rahisi kusawazisha. Anayeongeza mapanga kwa kawaida hutaka kuiga helikopta halisi. Helikopta za Hughes 500 Defender, ambazo Jeshi la Kenya limezitumia kwa miaka mingi, zina mapanga matano. Bo 105 ya Ujerumani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, ina mapanga manne yaliyoshikwa na kitovu kigumu kisicho na bawaba za kuyaruhusu kupanda na kushuka. Mwigo wa Bo 105 wenye mapanga mawili humsuta mtengenezaji wake hata kabla haujapaa.

Ipo pia sababu ya kifizikia. Kani ya kuinua hutegemea jumla ya eneo la mapanga na mraba wa kasi yake. Tukiongeza mapanga kutoka mawili hadi manne yenye umbo na pembe ile ile, eneo huongezeka maradufu. Kwa hiyo kasi inayohitajika kubeba uzito ule ule hupungua kwa kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.41. Rafadha iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inaweza kutosheka na mara 1,400 hivi. Mzunguko huo wa polepole hutoa mlio mzito unaokaribiana na wa helikopta halisi.

Faida hizo zina gharama. Kichwa huwa kizito zaidi, viungo vya kurekebisha huongezeka, na mota hudaiwa nguvu zaidi kuyasukuma mapanga hewani. Gharama kubwa kuliko zote inahusu utulivu, kama tutakavyoona katika sehemu ya 4.0.

3.0 Utendakazi wa kichwa cha rafadha

Kichwa ni mkusanyiko wa vifaa vyote vilivyo juu ya mhimili, na kitovu ni kile kipande cha katikati kinachoshikilia mapanga. Chini ya kitovu kuna sahani ya usukani yenye sehemu mbili: ya chini haizunguki, nayo ya juu huzunguka pamoja na rafadha. Mota ndogo ziitwazo sevo huisukuma sehemu ya chini; ya juu huufuata mwendo huo na kuufikisha kwa kila panga kupitia vijiti vyembamba.

Sahani hupeleka amri za aina mbili. Ya kwanza nitaiita amri ya jumla. Sahani hupanda au kushuka bila kuinama, mapanga yote hubadilisha pembe kwa kiasi kimoja, na chombo hupaa au hutua. Ya pili nitaiita amri ya zamu. Sahani huinama upande mmoja. Kila panga linapopita upande huo, kwa zamu yake, hupewa pembe kubwa, na linapopita upande wa pili hupewa pembe ndogo. Matokeo yake ni kwamba duara zima la rafadha huinama, na chombo hufuata.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hutatizika. Kitu kinachozunguka hakiitiki pale kinaposukumwa. Huitika baadaye, karibu robo ya mzunguko mbele. Tuchukue rafadha inayozunguka kwa mwendo wa akrabu za saa ikitazamwa kutoka juu. Panga hutoka puani, hupita kulia, huenda mkiani, kisha kushoto. Ili chombo kiinamishe pua, duara linapaswa kuinuka upande wa mkia. Basi panga lipewe pembe kubwa likiwa kulia, robo mzunguko kabla ya mkia. Katika vichwa vigumu visivyo na bawaba, kuchelewa huko hupungua kidogo kuliko robo kamili. Kwa hiyo mrushaji anaweza kusukuma usukani mbele, na chombo kikaenda mbele huku kikiegemea kando. Dawa yake ni kuizungusha pembe ya amri kwa digrii chache katika kifaa cha elektroniki, hadi amri ya mbele izae mwendo wa mbele peke yake.

4.0 Kutoka fimbo ya utulivu hadi kihisi

Historia ya utulivu wa helikopta imefungamana na vielelezo vidogo. Mmarekani Arthur Young alifanya majaribio yake kwa vielelezo kabla ya kujiunga na kampuni ya Bell mwaka 1941. Aligundua kwamba fimbo yenye uzito katika ncha zake, inayozunguka pamoja na mapanga mawili kwa kuyakingama, huelekea kubaki katika usawa wake wa awali hata chombo kikiyumba. Fimbo hiyo ikiunganishwa na mapanga, huyasahihisha. Helikopta ya Bell 47, iliyoruka kwa mara ya kwanza Desemba 1945, ilitumia fimbo hiyo. Stanley Hiller naye alitumia makasia madogo yanayopokea amri ya rubani na kuliinamisha duara la rafadha. Kwa miongo mingi helikopta za redio ziliunganisha mawazo hayo mawili katika fimbo moja yenye makasia.

Fimbo hiyo hukaa vizuri katikati ya mapanga mawili. Penye mapanga manne au matano nafasi huwa finyu, viungo huzidiana, na sura ya chombo halisi huharibika. Kwa sababu hiyo, warushaji wa zamani wa mapanga mengi walilazimika kuruka bila fimbo, wakitegemea mapanga mazito, amri zilizopunguzwa makali na mikono iliyozoea. Tatizo lao kubwa lilitokea katika mwendo wa kasi. Katika rafadha ya mfano wetu, panga la kushoto huenda mbele pamoja na chombo, kwa hiyo hukutana na hewa kwa kasi zaidi na kuinua zaidi. Mwitikio huja robo mzunguko baadaye, yaani puani. Pua huinuka yenyewe, na kadiri kichwa kilivyo kigumu ndivyo inavyoinuka kwa nguvu.

Mwishoni mwa miaka ya 2000, vifaa vya elektroniki vya mihimili mitatu vilianza kuenea na kuchukua nafasi ya fimbo. Ndani yake mna vihisi vidogo vinavyopima kasi ya chombo kugeuka: kuinama mbele na nyuma, kulala ubavuni, na kuzungusha mkia. Kifaa hulinganisha kasi iliyopimwa na kasi iliyoagizwa na mrushaji. Ikiwa mrushaji hakuagiza kitu na chombo kinageuka, sevo huamriwa kupinga. Kazi hii hurudiwa mara nyingi sana katika kila sekunde.

Kiasi cha upinzani huo nitakiita ukali wa jibu. Ukali ukiwa mdogo, chombo huzurura kama mashua isiyo na usukani. Ukizidi, chombo hutetemeka upesiupesi kwa kuwa kila sahihisho linavuka mpaka na kudai sahihisho jingine. Mrushaji huanza na ukali wa chini, huupandisha hatua kwa hatua hadi mtetemo uonekane, kisha hurudi nyuma kidogo.

5.0 Matayarisho ya ardhini

Kihisi hakiwezi kutibu kichwa kilichofungwa vibaya. Mtetemo mwingi hukidanganya, kikaona mwendo usiokuwepo. Kwa hiyo hatua zifuatazo hazina budi kufuatwa:

(i) Mapanga yapimwe moja moja. Uzito wake ulingane, na vilevile mahali kitovu cha uzito kilipo katika urefu wa kila panga. Mapanga mawili yenye uzito sawa lakini vitovu tofauti bado yatatikisa chombo.

(ii) Skrubu zinazoshika mapanga zikazwe kwa kiasi kimoja. Mapanga matatu au zaidi yakiacha nafasi zisizolingana baina yake, rafadha hupoteza mizani, na chombo chaweza kutikisika kwa nguvu kingali kimesimama kwa miguu yake.

(iii) Njia za mapanga zilinganishwe. Ncha ya kila panga ivishwe utepe wa rangi yake. Rafadha ikizunguka, mtazamaji aliye mbali na usawa wa duara huona ni rangi gani inayopita juu au chini ya nyingine. Kijiti cha panga hilo hurefushwa au kufupishwa.

(iv) Mwelekeo wa kihisi ukaguliwe kabla ya mota kuwashwa. Inamisha chombo mbele kwa mkono: sahani inapaswa kuinama nyuma, kama inayokataa. Ikiinama mbele, kihisi kitaongeza kila kosa badala ya kulipinga, na chombo kitapinduka mara kitakapoacha ardhi.

6.0 Urushaji

Mrushaji asimame nyuma ya chombo, pua ikielekea mbele, ili kulia kwake kuwe kulia kwa chombo. Umbali si suala la woga. Rafadha yenye kipenyo cha mita 1.3 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ncha ya panga husafiri mita 102 hivi kwa sekunde, yaani takriban kilomita 367 kwa saa. Wala mzunguko wa polepole usimhadae mtu. Kuna mapanga mengi zaidi, nayo ni mazito.

Chombo kikiwa bado ardhini, sahani inaweza kuonekana ikiinama yenyewe. Kihisi kinajaribu kusahihisha mwendo ambao ardhi inauzuia. Anayeanza hushawishika kuipinga kwa usukani, asifanye hivyo. Aongeze amri ya jumla kwa uthabiti, chombo kiachane na ardhi bila kusitasita. Ndani ya kimo kisichozidi kipenyo kimoja cha rafadha, hewa inayobanwa dhidi ya ardhi husaidia kuinua. Juu ya hapo nguvu zaidi huhitajika.

Wakati wa kushuka, chombo kisiteremshwe wima kwa haraka. Kikiteremka ndani ya hewa yake chenyewe, mapanga huirudia hewa ile ile iliyokwisha kusukumwa chini, na kuongeza pembe huzidisha anguko. Kiteremke kikisonga mbele kidogo. Nchini Kenya, anayetaka kurusha azingatie pia kanuni za mwaka 2020 za Mamlaka ya Safari za Ndege kuhusu vyombo visivyo na rubani.

7.0 Funzo kwa wanaistilahi

Katika maelezo haya, neno kuinama limetumika kwa chombo, sahani na duara, lakini halikutumika kwa panga. Badiliko la panga limeitwa pembe daima. Laiti tungesema “inamisha panga”, fundi mmoja angelikunja panga, mwingine angeligeuza katika kishikio chake. Vivyo hivyo, kitovu cha rafadha na kitovu cha uzito vimetofautishwa kwa vivumishi vyake kila palipokuwa na hatari ya kuchanganya. Kwa upande mwingine, sevo na mota zimekopwa kwa sababu zinataja vifaa vinavyouzwa kwa majina hayo. Amri ya zamu haikuhitaji kukopwa: dhana ya zamu anaijua kila mtoto aliyewahi kupanga foleni ya maji.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mapanga mengi huleta sura na sauti ya helikopta halisi kwa bei ya utulivu, na kwamba utulivu huo hurejeshwa na kihisi kilichowekwa juu ya kichwa kilichosawazishwa barabara. Yameonyesha pia kwamba Kiswahili kinayaeleza haya bila kusongwa, mradi kila neno lifungwe kwenye kifaa au mwendo wake na lisiazimwe kwingine katika maelezo yale yale. Wanachama wanaoandaa tasnifu za istilahi wanahimizwa kuzipeleka istilahi zao karakanani. Huko fundi hatauliza neno limeundwa kwa njia gani. Atauliza akaze skrubu ipi.